Injinia wa Mzee Ocaya

Bukoto, Kampala
Jumatatu, 10 Juni 2024

Baba,

Simsim uliyompa dereva wa basi imefika, nashukuru. Lakini siandiki kwa sababu ya simsim.

Mwalimu mkuu wa shule yangu ya zamani amenitumia barua yenye mhuri. Inaanza hivi: "Kwa Injinia Aryemo, mhitimu wa chuo kikuu." Ananiita tarehe 5 Julai nije kuwaeleza wanafunzi wa Senior Siksi, na wale waliomaliza mwaka jana, kuhusu kazi za kutafuta baada ya shule. Nilidhani amekosea mtu. Nikasoma mpaka chini: habari hizo njema amezipata kwa mzazi wangu, Sajenti Ocaya.

Baba, wewe unajua mimi ni nani. Nilimaliza Senior Siksi, alama zangu hazikutosha serikali kunisomesha, nikaingia kampuni ya lifti kujifunza kazi. Huu ni mwaka wa tano. Nashuka kwenye shimo lililo chini ya lifti, napanda juu ya paa lake, nabadilisha nyaya, nawatoa watu waliokwama. Chuo kikuu nimeingia mara moja tu, siku lifti yao ilipoharibika.

Na hao wenye digrii unaowaabudu, mimi nakutana nao kila siku. Wiki iliyopita tuliitwa kwenye jengo moja la Nakawa. Wanaume watatu wenye suti walikuwa ndani ya lifti dakika kumi nzima, wanagonga ukuta na kupiga simu. Lifti ilikuwa nzima kabisa. Hakuna aliyebonyeza namba. Walisimama tu wakingoja ijue yenyewe wanakwenda ghorofa ya ngapi.

Umewaambia nini watu wa huko? Ningekupigia simu kama ungekuwa unasikia. Nijibu kwa barua, na ujibu upesi. Naandika nikiwa kando ya barabala, bosi ananingoja kwenye gari.

Binti yako,
Aryemo

*

Kitgum
Jumapili, 16 Juni 2024

Aryemo,

Barua nimeipata. Kwanza, neno ni "barabara". Marehemu mama yako alitoka Busia akanikuta nazungumza Kiswahili cha kambini, cha kuamrisha na kutukana, akainyoosha nyumba nzima. Kampala imeurudisha ulimi wako alikoutoa.

Pili, ndiyo, nilisema.

Nilikaa polisi miaka ishirini na tisa. Niliwafundisha vijana kulenga shabaha mpaka masikio yangu yakafa. Kisha wakatuletea mtoto mwenye digrii, kijana ambaye hakujua bunduki inashikwa upande gani, nikaambiwa nimpigie saluti. Nilimpigia saluti miaka sita. Alikuwa anajibu huku anaangalia simu. Nikaapa kwamba mtoto wangu atakuwa yule anayepigiwa. Wewe ukachagua spana.

Watu walipoanza kuuliza unasoma nini Kampala, nilisema uinjinia. Mwaka wa nne ukafika, nikasema umemaliza. Ulitaka niseme nini? Kwamba binti ya Ocaya anaingia mashimoni kama panya na kutoka na grisi mpaka kwapani? Huku wapo watu wasiojua kuandika majina yao, na watoto wao wana digrii. Wananisalimia kwa sauti ya juu hata mimi nasikia, ili niulize habari za watoto wao. Siulizi.

Utakuja tarehe hiyo. Utavaa koti. Utaongea dakika ishirini kwa Kiingereza. Wakikuuliza ulisoma chuo gani, sema chuo cha Kampala, viko vingi. Ukimaliza, rudi kwenye mashimo yako. Sikuombi. Nilistaafu kuomba siku moja na kustaafu kazi.

Baba yako,
Sajenti Ocaya, mstaafu

*

Bukoto, Kampala
Jumatatu, 8 Julai 2024

Baba,

Nimefanya ulivyotaka. Ulikuwa umekaa mstari wa mbele, uliona, lakini hukusikia, kwa hiyo nakuandikia nilichosema, ujue umenunua bidhaa gani.

Koti niliazima kwa jirani. Mikono niliiweka mfukoni muda wote, kwa sababu grisi ya miaka minne haitoki kwa sabuni ya siku moja. Niliwaambia nilisoma uinjinia. Niliwaambia maisha ya chuo ni mazuri. Walimu walitikisa vichwa kama watu wanaojua, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali ambalo injinia angeulizwa. Ningewaambia lifti inavutwa na ng'ombe wangeandika.

Kisha msichana mmoja akasimama. Mwembamba, ana sauti ya mtu aliyefanya mazoezi ya swali lake nyumbani. Alisema alimaliza Senior Siksi mwaka jana, hakupata chuo kikuu, lakini ameitwa kwenye chuo cha ufundi. Je, mtu akienda huko anaweza kufika mbali?

Hapo ndipo ningesema kweli. Nilikuwa na kweli yote mdomoni. Nikakuangalia wewe, umekaa wima na nishani zako kifuani, na badala yake yakatoka maneno yako. Nilimwambia anayekwenda kushika spana asitegemee kusalimiwa na watu. Nilimwambia afadhali akae nyumbani arudie mtihani kuliko kupotelea kwenye karakana.

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Wewe uliona makofi ukapiga pia.

Nilipanda basi la kurudi bila kula chakula cha mwalimu mkuu. Nimejidharau safari nzima, na nafasi iliyobaki nimekudharau wewe. Usiniite tena kwa jambo kama hili.

Aryemo

*

Kitgum
Jumatatu, 15 Julai 2024

Dada yangu mpendwa Injinia Aryemo,

Hunijui kwa jina. Mimi ni Amito, binti ya Mzee Ojok, tunaishi ng'ambo ya barabara kutoka kwa baba yako. Ni mimi niliyeuliza lile swali. Mzee Ocaya amekubali kuniwekea barua hii kwenye basi.

Nataka kukushukuru. Nilikuwa nimeitwa chuo cha ufundi, kule Nakawa, kusomea kutengeneza friji na mashine za baridi. Nilikuwa nimefurahi sana kama mjinga. Kituo chetu cha afya kina friji ya chanjo iliyokufa, na fundi hutoka mbali, akija anakuta dawa zimekwisha kuharibika. Nilitaka niwe yeye, lakini wa karibu. Barua ya kuitwa niliitunza ndani ya Biblia.

Siku uliyozungumza nilifika nyumbani nikaichana. Mwisho wa kuripoti ni tarehe 5 Agosti, lakini sitakwenda. Baba hakufurahi. Anasema mashine za baridi hazijawahi kumtukana mtu. Nilimjibu kwamba yeye hajasoma, wewe umesoma.

Rafiki yangu Ayaa anajifunza ushonaji mjini. Zamani nilimwonea wivu, sasa namwonea huruma. Nilimwambia hivyo waziwazi, na hatuzungumzi tena. Nafikiri ndivyo ilivyo mtu anapoanza kupanda juu.

Naomba uniambie mwaka wa kwanza wa uinjinia mlisoma vitabu gani, nianze kuvitafuta mapema.

Wako mtiifu,
Amito

*

Bukoto, Kampala
Ijumaa, 19 Julai 2024

Amito,

Sikujua ungenisikiliza. Hicho si kisingizio, nakiandika ili uone nilivyokuwa mpumbavu.

Mimi si injinia. Sina digrii, sijasoma chuo kikuu. Nilimaliza Senior Siksi kama wewe, na alama zako huenda ni nzuri kuliko zangu. Mimi ni fundi wa lifti. Niliingia kampuni nikiwa mtu wa kubeba mfuko wa vifaa vya Afande Makokha, fundi Mkenya tunayemwita afande kwa ukali wake. Alinifundisha kila kitu kwa matusi na hajawahi kunificha hata skrubu moja. Leo nina majengo kumi na moja chini ya mkono wangu. Watu wakipanda ghorofa ya tisa wakafika, ni kwa sababu mimi nilipita Jumanne.

Si kazi ya kupendeza. Shimo linanuka. Wapangaji wa majengo wananiita "wewe". Mwaka jana mtu mmoja alikataa nimtoe kwenye lifti iliyokwama mpaka aje mwanaume, basi nikamwacha ndani nikanywa chai, nikarudi, na safari hii hakukataa. Lakini naipenda kazi yangu, Amito, na siku ile niliisimamisha mbele ya watu nikaitemea mate ili mzee mmoja asione aibu.

Gundisha barua yako. Kama vipande vimepotea, nenda hivyohivyo, jina lako liko kwenye orodha yao. Uwe Nakawa kabla ya tarehe 5 Agosti. Na umwombe Ayaa msamaha. Maneno uliyomwambia ni yangu, mrudishie yeye heshima yake na mimi uniachie maneno.

Aryemo

(Baba, bahasha hii ni ya Amito. Nimeifunga kwa gundi. Vuka barabara umpe.)

*

Bukoto, Kampala
Jumatatu, 29 Julai 2024

Baba,

Siku kumi zimepita. Amito hajajibu. Nimejaribu namba ya Mzee Ojok, haipatikani. Nikampigia mwalimu mkuu, nikamwambia mimi si injinia, nikamwomba amwambie msichana yule aende chuoni. Alicheka. Alisema, "Injinia, wewe ni mnyenyekevu kupita kiasi," kisha akaniuliza kama nawajua watu wa wizara.

Ulimpa bahasha?

Aryemo

*

Kitgum
Jumatano, 31 Julai 2024

Aryemo,

Nimeifungua. Nilikuwa polisi, bahasha iliyofungwa kwa gundi nyingi hivyo inaomba kufunguliwa.

Nimeisoma mara mbili. Iko chini ya godoro langu na itakaa hapo. Unataka nivuke barabara nikampe mtoto wa Ojok karatasi inayosema Sajenti Ocaya ni mwongo? Ojok huyu ambaye maisha yake yote amefuga mbuzi, na mbuzi wenyewe hawamtii?

Msichana atarudia mtihani. Atapata digrii. Siku moja atashukuru. Wewe hukuwa na mtu wa kukuzuia, ndiyo maana uko ulipo, kumi na moja kumi na moja, kama mtu anayehesabu kuku. Majengo si yako. Wewe unayafagilia koo tu.

Halafu unajisifu eti ulimwacha mtu ndani ya lifti ukanywa chai. Hilo nililisoma nikacheka, nakubali. Lakini kucheka si kukubali mengine.

Usiandike tena juu ya jambo hili.

Baba yako,
Sajenti Ocaya, mstaafu

*

Bukoto, Kampala
Ijumaa, 2 Agosti 2024

Baba,

Naandika tena juu ya jambo hili.

Mama aliwahi kunieleza kitu ambacho wewe hujawahi kunieleza. Ulikuwa umeandika ombi la kupandishwa cheo. Likafika mezani kwa yule kijana mwenye digrii. Hakulikataa. Hakulituma mbele. Alilitia kwenye droo akalikalia mwaka mzima, na wewe kila asubuhi ulimpigia saluti ukidhani wakubwa bado wanalifikiria. Siku alipohamishwa ndipo karani alipolikuta, na wakati huo umri wako ulikuwa umepita. Mama alisema ulirudi nyumbani hukula siku mbili.

Miaka yote hii nilidhani unamchukia kwa sababu alikuwa na digrii.

Sasa barua ya mtu iko chini ya godoro lako.

Sitakuambia la kufanya. Kesho na keshokutwa tunabadilisha nyaya za lifti ya hospitali moja, siwezi kuondoka, wagonjwa wanabebwa kwa ngazi. Jumatatu ni tarehe tano. Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, ataishusha kesho.

Aryemo

*

Kitgum
Jumapili, 4 Agosti 2024

Aryemo,

Baba yako amenipa barua yako leo baada ya ibada. Ilikuwa imefunguliwa, na pembe moja imekunjwa. Alisimama mlangoni akasubiri niisome yote, kisha akaingia ndani.

Nilidhani uliweka mikono mfukoni kwa kujidai. Hata mimi nilianza kutembea hivyo. Najiona chizi.

Sijui nikuite nani. Mwongo ni neno dogo. Mwongo wa kawaida anadanganya apate kitu, wewe ulidanganya mimi nikose. Ungekuwa injinia kweli ukanidharau, ningevumilia. Lakini ulikuwa fundi, ukaniangalia usoni, ukajua ninachokitaka ndicho ulicho nacho, ukaniambia hakifai. Ulishiba ukaniambia chakula kina sumu.

Kwa Ayaa nilikwenda mchana huu. Alinisikiliza huku anaendelea kushona. Hakusema amenisamehe, ila alinipa uzi nimtungie sindano.

Barua ya chuo nimeigundisha kwa uji wa mahindi. Imekauka vibaya. Kesho alfajiri tunapanda basi, mimi na baba yako. Mama hataki nifuatane naye, lakini baba amesema niende. Tutafika jioni, ofisi itakuwa imefungwa, kwa hiyo tayari nimechelewa siku moja. Siku hiyo moja ni yenu.

Tukikutana Kampala usinisalimie. Nikitaka, nitakusalimia mimi.

Amito

*

Kitgum
Ijumaa, 9 Agosti 2024

Aryemo,

Nakupa taarifa kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa.

Jumapili niliingia nyumbani kwa Ojok. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Kwamba huna digrii, kwamba mimi ndiye niliyekuvisha, kwamba barua ilikaa kwangu zaidi ya wiki mbili. Walinijibu kwa muda mrefu. Sikusikia neno, na kwa mara ya kwanza nilishukuru. Niliona tu midomo. Mke wa Ojok alichukua kikombe cha chai alichokuwa ameniwekea akakirudisha jikoni. Hilo nililielewa. Ojok mwenyewe alinitazama kwa huruma, na huruma ya mfuga mbuzi ni kitu ambacho simtakii adui yangu.

Jumanne saa mbili asubuhi tulikuwa chuoni Nakawa. Mahali penyewe pamejaa vyuma na vijana wenye ovaroli, kelele yake nilikuwa naihisi miguuni. Ofisini tulimkuta kijana wa kuandikisha wanafunzi. Tai, kalamu tatu mfukoni, cheti chake cha digrii amekitundika ukutani juu ya kichwa ili mtu asikikose. Alimwangalia Amito, akaiangalia barua iliyogundishwa kwa uji, akatikisa kichwa. Msichana akaanza kulia. Nikajua amesema muda umepita.

Mimi nikaketi. Akaniambia kitu. Nikamwonyesha masikio yangu. Akaandika kwenye karatasi: "Muda umepita jana." Nikamwambia sijaja na miwani. Akaita mwenzake akapiga kelele sikioni mwangu. Nikamshukuru, nikamwambia nyumbani wote wazima. Watu waliingia wakatoka. Saa sita walikwenda kula, wakarudi wakanikuta. Amito aliniomba kwa ishara tuondoke. Nikakataa. Nilipokuwa kazini nilisimama lindo la saa kumi na mbili kwenye mvua, nikimlinda mtu asiye na thamani ya viatu vyangu. Kiti cha yule kijana kilikuwa na mto.

Saa tisa alichoka. Aliandika kwa herufi kubwa, akaniwekea karatasi mbele ya pua: wanafunzi wawili hawajaripoti, anaweza kuuliza kwa mkuu, lakini kwanza nieleze msichana alichelewa kwa nini. Hapo miwani nikaipata. Nikamweleza yote. Niliyaeleza kama mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe, kwa hiyo ofisi nzima ilisikia, na walio kwenye foleni, na pengine wale wa karakana. Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.

Alitoka, akarudi, akapiga mhuri. Wamempa kitanda na ovaroli iliyo kubwa mara mbili yake. Msichana hakunishukuru, na alifanya vizuri. Alinishika mkono tu, kama unavyomshika mtu unayemvusha njia, akaniachia getini.

Sikuja Bukoto. Ungenipikia, na mtu akipikiwa inambidi azungumze. Nililala kwa askari mwenzangu wa zamani, nikapanda basi la asubuhi. Bado naona kazi yako ni ya kuingia mashimoni. Hapa mtaani siku hizi hakuna anayeniuliza habari zako, na mimi ndiye ninayewaanza. Nawaambia, binti yangu ni fundi wa lifti. Wananiangalia. Nawaangalia.

Lipo moja nimeliacha nje ya taarifa. Yule kijana, kabla ya kuniletea karatasi ya mwisho ya kutia sahihi, aliniandikia swali: "Wewe ni baba yake?" Palikuwa na nafasi ya kujaza uhusiano wangu na mwanafunzi, mstari mmoja mfupi. Nilimwambia hapana. Akaandika tena: "Basi wewe ni nani wake?"

Nilichukua kalamu yake nikajaza mwenyewe: mtu aliyemdanganya. Akaisoma, akanitazama, akagonga mhuri juu yake.

Baba yako,
Sajenti Ocaya, mstaafu